Sura ya Saba: Daftari Lisilo na Jina Lako

Mangi wa mtaani kwetu Sinza alikuwa na kaunta buku yenye jalada gumu jeusi, ameitoboa pembeni akaifunga kwa kamba kwenye nondo ya dirisha la duka. Kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake. Nikitumwa sukari robo na mafuta ya kupima, nilisema tu, "Mama amesema uandike," naye akaandika bila kuniuliza swali. Siku mpangaji mpya alipohamia nyumba ya jirani, akaja kuomba aandikiwe mkate na majani ya chai, Mangi alimjibu kwa upole: "Nunua nunua kwanza, tuzoeane." Hakumwita mwizi. Yule bwana hakuwa na ukurasa, basi.

Nilikuja kuyakumbuka maneno hayo miaka mingi baadaye, Minnesota, Marekani. Nilifika mwezi Agosti kuanza shahada ya uzamili. Nilikuwa na barua ya ufadhili, fedha za muhula mzima zilikuwa benki, na maishani mwangu sikuwahi kudaiwa na mtu hata senti. Kampuni iliyopangisha vyumba karibu na chuo ikanitaka niongeze kodi ya mwezi mmoja kama dhamana. Kampuni ya simu ikanitaka nilipe kabla ya kutumia. Kadi ya mkopo niliyoiomba kwenye benki moja ikajibiwa kwa barua ya ukurasa mmoja: ombi limekataliwa, sababu ni kwamba kumbukumbu za mikopo hazitoshi. Niliisoma mara tatu. Nilidhani kuna mtu amenichongea.

Aliyenitoa wasiwasi ni dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa mwaka wa nne wa udaktari. Aliishika ile barua, akaikunja, akanirudishia. "Mdogo wangu, hawajasema wewe ni mbaya. Wamesema hawakujui. Tafuta kadi ndogo, itakayokuandika jina. Mengine yatakuja yenyewe."

Ushauri huo ndio sura hii yote. Kadi ya kwanza haichaguliwi kama kiatu, kwa kuangalia inayopendeza. Kazi yake ni moja, kufungua ukurasa wenye jina lako kwenye daftari la nchi ngeni, kwa gharama ndogo kuliko zote, na kuubakiza ukurasa huo wazi kwa miaka mingi. Ukilishika hilo, matangazo mengi yatakayokufuata hayatakusumbua.

Na daftari lenyewe, ukilifuatilia, limeanzia dukani. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Chattanooga, Tennessee, Cator Woolford alikusanya taarifa za wateja kwa ajili ya chama cha wenye maduka ya vyakula vya mji huo: nani hulipa, nani husumbua. Mwaka 1899 yeye na ndugu yake Guy walifungua kampuni Atlanta, wakaiita Retail Credit Company. Walizunguka duka kwa duka wakinakili yale ambayo kila mwenye duka aliyajua juu ya wateja wake, wakayachapa kuwa kitabu na kuwauzia wafanyabiashara. Mbele ya jina la mtu yalikaa maneno machache tu: hulipa kwa wakati, huchelewa, atakiwe fedha taslimu. Mwaka 1975 kampuni hiyo ilibadili jina ikawa Equifax, na leo ni mojawapo ya ofisi tatu kubwa zinazotunza kumbukumbu za wakopaji Marekani. Nyingine ni Experian na TransUnion. Kwa maneno mengine, kina Mangi wa nchi nzima waliunganishiwa madaftari, na anayetaka kukukopesha, kukupangisha nyumba au kukuuzia simu kwa mkataba hulifungua daftari hilo kabla hajakujibu.

Kutokana na yaliyoandikwa humo hukokotolewa namba moja. Inayotumika zaidi ni ya kampuni ya FICO. Namba hiyo ilianza kutumika mwaka 1989, nayo huenda kuanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya namba hiyo hutokana na kulipa kwa wakati. Asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo ulichopewa. Asilimia 15 ni umri wa akaunti zako. Asilimia 10 ni maombi mapya ya mikopo, na 10 iliyobaki ni aina za mikopo ulizonazo. Ili namba ipatikane ni lazima uwe na akaunti iliyofikisha angalau miezi sita. Kwa hiyo mwanafunzi mgeni hana alama mbaya. Hana alama kabisa. Hilo ni jambo jema kulijua, maana nimewaona vijana wakinunua huduma za "kusafisha alama" ilhali hawana hata doa la kusafishwa.

Wengi huuliza: na yale niliyoyafanya nyumbani? Nimelipa mikopo ya simu ya Songesha kwa miaka, sijachelewa. Nimelipa mkopo wa elimu wa HELB. Mwenye nyumba wangu Kinondoni hajawahi kunigongea mlango. Yote hayo ni ya kweli na ni ya heshima, lakini kwa kawaida hayavuki bahari. Mkenya anayeijua TransUnion kwa sababu ya mikopo ya simu hushangaa zaidi, kwa kuwa anakuta jina lile lile la kampuni na faili tupu. Jina ni moja, madaftari ni tofauti. Hata huko huko Marekani, kodi ya nyumba unayolipa kila mwezi kwa kawaida haiandikwi isipokuwa mwenye nyumba awe amejiunga na huduma ya kuiripoti. Kadi ya benki unayochomolea fedha zako mwenyewe haiandikwi. Kadi ya kujaza fedha kabla, ambayo ukiitazama ni kama kadi ya mkopo kwa kila hali, nayo haiandikwi. Kinachoandikwa ni deni na jinsi ulivyolilipa.

Kabla ya kufika kwenye kuchagua kuna milango miwili ya kupita. Wa kwanza ni namba ya Hifadhi ya Jamii, ile ambayo ndugu zetu wa kule huiita soshali. Mwenye viza ya F-1 hapewi namba hii kwa sababu tu ni mwanafunzi. Huipata akipata kazi inayoruhusiwa, na kwa wengi hiyo ni kazi ya ndani ya chuo: bwalo la chakula, maktaba, maabara, ofisi ya idara. Wakati wa masomo kazi hiyo haizidi saa 20 kwa wiki. Ukiipata, ofisi ya wanafunzi wa kigeni hukuandikia barua, mwajiri naye huandika yake, unakwenda nazo kwenye ofisi ya Hifadhi ya Jamii pamoja na pasipoti na karatasi zako za uhamiaji. Kadi yenyewe haiuzwi, na anayekuomba fedha akuharakishie anakuibia. Ndiyo maana huwashauri wadogo zangu wachukue kazi ya chuoni muhula wa kwanza hata kama ni ya saa sita kwa wiki. Mshahara wake utakuwa mdogo, lakini namba itakayokuja nayo utaitumia maisha yote uwapo huko. Wapo pia wanaotumia ITIN, namba ya mlipakodi inayotolewa na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa shughuli za kodi, kwa kuwa baadhi ya benki huipokea kwenye maombi ya kadi. Uliza benki yako kabla hujahangaika.

Mlango wa pili ni umri na kipato. Zamani benki zilipanga meza vyuoni, zikawapa vijana fulana na piza ili wajaze fomu. Mwaka 2009 Marekani ilipitisha sheria ya kadi za mkopo, maarufu kama CARD Act, iliyokataza zawadi hizo kwa wanafunzi chuoni na karibu na chuo. Sheria hiyo hiyo ilisema mtu wa chini ya miaka 21 aonyeshe kipato chake mwenyewe kinachotosha kulipa, au awe na mtu mzima wa kusaini naye. Benki nyingi kubwa hazipokei wa kusaini naye, kwa hiyo kwa kijana wa miaka 19 kipato chake ndicho kinachosema. Posho ya usaidizi wa kufundisha ni kipato. Mshahara wa bwaloni ni kipato. Andika kile ulicho nacho, hata kikiwa dola 4,000 kwa mwaka. Kuongopa kwenye fomu ya benki ni kosa la jinai la shirikisho, na wewe unaishi kwa viza. Hakuna kadi inayostahili hatari hiyo.

Sasa tuchague.

Mimi huanza na ada ya mwaka, na hukumu yangu ni moja: isiwepo. Si kwa ubahili. Umri wa akaunti unahesabiwa, na kadi ya kwanza ndiyo itakayokuwa kongwe kuliko zote utakazopata. Utataka kuiacha wazi miaka kumi hata kama huitumii. Kadi ya dola 95 kwa mwaka huwezi kuiacha ilale, siku moja utaifunga. Isiyo na ada inaweza kukaa kwenye droo, ukainunulia tiketi ya basi mara moja kwa miezi mitatu, ikaendelea kukujengea jina.

Zipo kadi zinazowatafuta hasa watu wasio na kumbukumbu, nazo hujaa ada: ya kufungua, ya mwaka, ya kila mwezi. Sheria ya 2009 iliziwekea mpaka, kwamba ada za mwaka wa kwanza zisizidi asilimia 25 ya kikomo. Piga hesabu. Kadi ya kikomo cha dola 300 inaweza kukutoza dola 75 kihalali kabla hujanunua hata peni. Ukiona karatasi ya masharti ina safu ndefu ya ada, irudishe ilikotoka.

Mahali pa kuanzia ni benki ile ile ulikofungua akaunti ulipofika, kwa sababu wao tayari wanaona fedha zikiingia na kutoka. Na kama chuo chako au mji wako una chama cha akiba na mikopo, nenda kaketi nao. Watanzania na Wakenya tunazijua SACCOS, na vyama hivi ni ndugu zake: mwanachama ndiye mwenye mali. Vile vilivyosajiliwa na serikali ya shirikisho vina ukomo wa riba wa asilimia 18, wakati kadi nyingi za benki za kawaida zimepita asilimia 20. Tena mezani utamkuta mtu wa kukusikiliza, anayejua barua ya ufadhili ni kitu gani.

Zipo kadi zilizotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, bila amana, na ukikubaliwa chukua. Usiombe tano kwa mkupuo. Kila ombi rasmi huacha alama kwenye faili kwa miaka miwili. Benki nyingi zina ukurasa wa kupima kama unafaa kabla ya kuomba, na kipimo hicho hakiachi alama. Anza hapo.

Ukikataliwa kote, na wengi wetu tulikataliwa, kuna kadi ya dhamana. Unaweka benki dola 200 au 300, nao wanakupa kadi yenye kikomo hicho hicho. Hapa pana kosa ambalo nimelisikia mara nyingi kwa wenzetu: mtu anadhani amana ile ndiyo italipa manunuzi. Sivyo. Amana ni rehani inayokaa pembeni. Ukinunua kitu cha dola 40 unalipa dola 40 kutoka mfukoni, na usipolipa unaandikwa mchelewaji ingawa fedha yako imelala pale pale benki. Waulize maswali mawili tu kabla ya kuweka amana. Je, mnapeleka taarifa kwa ofisi zote tatu? Na nikilipa vizuri, mtanirudishia amana na kuigeuza kadi hii kuwa ya kawaida bila kuifunga akaunti? Jibu likiwa ndiyo mara mbili, kadi hiyo ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Mimi nilianza na ya dola 300, na sijawahi kujutia kuifungia fedha hiyo.

Kama utakwenda nyumbani likizo, tazama pia ada ya miamala ya nje ya nchi. Mara nyingi ni asilimia 3. Ukitumia dola 400 Dar es Salaam au Kisumu, hizo ni dola 12 zimekwenda bure. Kadi zisizo na ada hiyo zipo, hata za wanafunzi. Na ya Visa au Mastercard haitakusumbua sana huko kwetu kama nyingine.

Habari ya zawadi na marejesho, ambayo ndiyo hujaza matangazo, sitakaa nayo. Mwanafunzi anayetumia dola 200 kwa mwezi kwenye kadi ya asilimia 1 hupata dola 24 kwa mwaka. Ni sawa, uzipokee. Ila usichague kadi kwa ajili ya dola 24.

Ninapotaka ukae nami zaidi ni kwenye tarehe mbili, kwa maana hapa ndipo watu makini kabisa hujikwaa. Kila mwezi kadi ina siku taarifa inapofungwa na ina siku ya mwisho ya kulipa. Kati ya tarehe hizo mbili sheria inataka ziwepo siku zisizopungua 21. Ukilipa deni lote la taarifa kabla ya siku ya mwisho, manunuzi yako hayatozwi riba hata senti moja. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba benki kwa kawaida hupeleka habari zako kwenye ofisi za kumbukumbu siku taarifa inapofungwa, haingoji ulipe.

Kadi yangu ya dhamana ilifika Oktoba. Mwanzoni mwa Novemba baridi ikashuka, nikanunua koti la dola 160 na kitabu cha takwimu cha dola 85. Jumla dola 245. Taarifa ikafungwa tarehe 12 Novemba, siku ya mwisho ya kulipa ikawa tarehe 7 Desemba. Nililipa zote tarehe 1 Desemba nikajiona nimetimiza, na kweli riba haikuwepo. Lakini tarehe 12 daftari lilikuwa limeshaandika kwamba mtu huyu ana kikomo cha dola 300 na anadaiwa dola 245. Zaidi ya asilimia 80. Anayelisoma daftari hajui habari za koti. Anaona mtu aliyekaribia kufika ukingoni. Wataalamu hushauri ubaki chini ya asilimia 30, na chini zaidi ni bora. Kwa kadi ya dola 300 hiyo ni dola 90 tu.

Dawa yake ni rahisi. Lipa siku mbili tatu kabla taarifa haijafungwa, ubakize kitu kidogo, kisha hicho kilichobaki ukimalize kabla ya siku ya mwisho. Nikafanya hivyo kuanzia Januari, na kwa alama nyingi zinazotumika leo mwezi mmoja wa deni dogo hufuta picha ya mwezi mbaya uliotangulia. Kuchelewa kulipa ni habari nyingine. Ukipitisha siku 30 baada ya tarehe ya mwisho, unaweza kuandikwa, na maandishi hayo hukaa miaka saba. Miaka saba kwa ajili ya dola 15 zilizosahaulika wiki ya mitihani. Nimemwona kijana mwema akipatwa na hilo.

Na kuna uvumi unaozunguka mabwenini kwamba ukibakiza deni mwezi hadi mwezi alama hupanda. Si kweli. Kinachopanda ni riba.

Tuiangalie riba yenyewe kwa namba. Una deni la dola 1,000 kwenye kadi ya asilimia 24 kwa mwaka, yaani asilimia 2 kila mwezi. Unaacha kununua kabisa, unalipa dola 25 kila mwezi bila kukosa. Mwezi wa kwanza, dola 20 kati ya hizo 25 zinakwenda kwenye riba, na deni linapungua dola 5. Utalimaliza baada ya karibu miaka saba, ukiwa umelipa takriban dola 2,030. Utakuwa umeshahitimu, pengine una mtoto, bado unalipia simu iliyokwisha kuharibika. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na sijui kama walipata kuona mfano ulio wazi kuliko huu. Usishangae pia kuona bahasha za kadi zikitoka Sioux Falls, Dakota Kusini. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba benki ya kitaifa inaweza kuwatoza wateja wa majimbo mengine riba inayoruhusiwa kwenye jimbo ilipo yenyewe, na Dakota Kusini ilipoondoa ukomo wake, Citibank ilihamishia huko shughuli zake za kadi.

Kwa msomaji Mwislamu, neno riba halikomei kwenye hesabu, na sitalipita kana kwamba ni dogo. Wapo mashekhe wanaoruhusu kadi kwa sharti la kulipa deni lote kabla ya muda, kwa kuwa riba yenyewe haitatokea. Wapo wanaokataa kwa sababu mkataba unaousaini tayari una sharti la riba, hata usipolitumia. Muulize unayemwamini katika dini yako kabla ya kuomba. Ukiamua kuiacha, bado unaweza kumtafuta mwenye nyumba anayeripoti kodi, ukaweka akiba ya dhamana ya pango, ukaishi. Utapita njia ndefu kidogo, na njia hiyo ipo.

Kisha kuna simu ya usiku. Kila mwanafunzi aliyetoka kwetu anaijua. Saa nane za usiku, namba ya nyumbani: mama kalazwa, karo ya mdogo wako imefika mwisho, paa limeezuliwa. Akaunti ina dola 60 na kadi ina nafasi ya dola 300. Programu za kutuma fedha hupokea kadi ya mkopo, na fedha hufika M-Pesa kabla hujakata simu. Lakini benki nyingi huuhesabu muamala huo kama kuchukua fedha taslimu. Ada yake mara nyingi ni asilimia 5, riba yake huwa kubwa kuliko ya manunuzi, na huanza siku hiyo hiyo bila siku za kusubiri. Kwenye dola 300 umeshapoteza 15 kabla jogoo hajawika, na kadi imejaa. Siwezi kukuambia usimsaidie mama yako. Nakuambia uandae fungu la nyumbani mapema, hata dola 20 kwa mwezi, likae kwenye akaunti ya akiba, ili simu ikilia utume fedha yako na si ya benki.

Vivyo hivyo kwa mwenzako anayekuomba umuazime kadi mpaka Ijumaa. Jina lililo kwenye daftari ni lako peke yako.

Kuna wanaoniambia, basi si bora nibaki na kadi yangu ya benki tu? Unaweza, ila ujue tofauti ya ulinzi. Kadi ya mkopo ikiibiwa, sheria inaweka mpaka wa hasara yako kuwa dola 50. Kadi ya benki ukitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi mpaka ni dola 50 pia, ukichelewa unafika dola 500, na ukipitisha siku 60 tangu taarifa itumwe hasara inaweza kuwa yako yote. Tena fedha inayoibiwa kwenye kadi ya benki ni ile ya chakula na kodi, imeondoka leo, wakati kwenye kadi ya mkopo mnagombana juu ya fedha ya benki.

Siku ya kurudi nyumbani moja kwa moja ikifika, usifunge mizigo kabla hujaishughulikia kadi. Kama ni ya dhamana, ifunge wiki kadhaa kabla ya safari ili amana ikufikie ukiwa bado una akaunti na anwani. Hundi inayokufuata Morogoro ni kazi kuigeuza kuwa fedha. Deni nalo halifutwi na ndege. Litakaa pale, litakua, na utalikuta ukirudi kwa mkutano au masomo zaidi.

Alama yangu ya kwanza ilitokea mwezi Aprili, miezi sita baada ya kadi kufika. Mwaka wa pili benki ikanirudishia dola 300 zangu. Kampuni ya vyumba niliyohamia baadaye haikuniomba kodi ya ziada. Sikuwa nimetajirika wala kipato hakikubadilika. Walilifungua daftari, wakanikuta.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Bahasha yako ikifika, kabla hujainunulia kadi hiyo hata chai, ingia kwenye akaunti yake, uiagize ijilipe yenyewe deni lote la taarifa kila mwezi kutoka benki, kisha uandike siku ya kufungwa kwa taarifa mahali utakapoiona kila siku. Ni kazi ya dakika kumi. Ifanye siku hiyo hiyo.